Mpakani tunapima watu, nani atapima vyumba?

Ebola ilipovuka mpaka na kuingia Bwera Juni 2019, na virusi vya korona vilipofuata Machi 2020, kila aliyepita Mpondwe aliujua utaratibu. Unapanga mstari. Unapimwa joto la mwili. Unanawa kwa maji yenye klorini. Halafu unaambiwa pita.

Utaratibu ule uliokoa maisha, na anayeubeza leo amesahau upesi. Hata hivyo, lipo swali ambalo halikuulizwa sana wakati ule na ambalo halijapata jibu la kuridhisha hadi sasa. Baada ya kuambiwa pita, msafiri yule alikwenda wapi?

Mara nyingi aliingia ndani ya jengo. Alikaa katika ukumbi akisubiri karatasi zake za mzigo. Akatoka hapo akaingia stoo kuhesabu magunia. Mwanawe akiwa na homa, alimpeleka zahanati na kuketi kwenye benchi pamoja na watu wengine ishirini. Usiku akalala gesti, au katika chumba cha kupanga na wenzake wanne, mlango umekomewa, dirisha limefungwa na jiko la mkaa liko pembeni. Mtu alipimwa. Chumba hakikupimwa na yeyote.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba Kasese na Bwera zimejifunza kumkagua mtu, lakini hazijajifunza kukagua jengo. Kwa maradhi yanayoua watu wetu polepole, bila king'ora cha ambulansi na bila waandishi wa habari, jengo ndilo lenye kesi kubwa zaidi ya kujibu.

Kugusa na kuvuta hewa si jambo moja

Tuanze na Ebola, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha kuogopa. Tarehe 11 Juni 2019 serikali ya Uganda ilithibitisha kwamba mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alikuwa na ugonjwa huo. Alikuwa amepelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kitengo maalumu katika hospitali ya Bwera. Alifariki, na baada yake wakafariki mdogo wake wa miaka mitatu na bibi yao. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka tisa aligunduliwa pale pale mpakani akiwa na dalili, naye akafariki Bwera.

Ugonjwa haukusambaa Uganda mwaka ule. Upande wa pili wa mto Lhubiriha hali ilikuwa nyingine kabisa. Mlipuko wa mashariki ya Kongo ulioanza Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Kwa hiyo kazi iliyofanyika Mpondwe haikuwa mchezo.

Lakini Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Ndiyo maana ndoo ya klorini ilikuwa silaha sahihi. Kifua kikuu hakifuati njia hiyo. Mgonjwa akikohoa, akizungumza au akiimba, chembe ndogo zenye vijidudu hubaki zikielea hewani kwa muda mrefu ndani ya chumba kisichopitisha upepo. Unaweza kunawa mikono mara kumi kwa siku na bado ukazivuta. Surua ni hivyo hivyo, na korona pia.

Kuhusu korona, wataalamu wenyewe walichelewa kukubaliana. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye kunawa na kufuta meza. Ni Machi 2021, mwaka mzima baadaye, ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo kamili kuhusu kuingiza hewa safi katika majengo kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya korona. Kwa majengo ya kawaida kama ofisi na madarasa, mwongozo ulitaja angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu aliyemo ndani.

Tuiweke hesabu hiyo katika lugha ya sokoni. Lita 10 ni nusu ya jerikeni ya lita 20. Ukumbi wenye watu 30 unahitaji jerikeni 15 za hewa mpya kila sekunde, na hewa chakavu ya kiasi hicho hicho iwe inatoka. Hakuna dirisha moja dogo la pembeni linaloweza kazi hiyo. Inataka matundu pande mbili, upepo uingie huku na kutokea kule.

Mzigo wenyewe si mdogo. Katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025, Uganda imo na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Nchi mbili za orodha hiyo zinakutana kwenye daraja moja, siku za soko watu wakivuka kwa maelfu. Tena njia inazidi kufunguka. Juni 2021 marais wa nchi hizi mbili walizindua Mpondwe ujenzi wa barabara za mashariki ya Kongo, ikiwemo ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Mwaka 2022 Kongo ikaingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Biashara ikiongezeka, watu wanaolala katika vyumba vyetu nao wanaongezeka.

Majengo ya zamani yaliyashinda mapya

Msomaji anaweza kusema kwamba hewa safi ni anasa ya wenye pesa, wenye mashine na viyoyozi. Utafiti unaonyesha kinyume chake.

Mwaka 2007 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya katika hospitali nane za mji wa Lima, nchini Peru, nchi yenye kifua kikuu kingi kama kwetu. Walipima ni mara ngapi kwa saa hewa ya wodi inabadilika yote. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyotegemea mashine za kisasa viliwekewa kiwango cha mara 12 tu.

Jambo la kushangaza zaidi ni hili. Wodi zilizojengwa zaidi ya miaka 50 kabla, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Wodi mpya zenye madirisha madogo, hata zikifunguliwa, zilifikia mara 17. Kwa hesabu za watafiti hao, mtu mzima wa afya akikaa saa 24 na wagonjwa wasiotibiwa, uwezekano wa kuambukizwa ungekuwa asilimia 11 katika wodi za zamani, asilimia 33 katika wodi mpya zinazotegemea upepo, na asilimia 39 katika zile za mashine.

Somo lake kwa Kasese ni la moja kwa moja. Jengo linaweza kuwa jipya, lina vigae na rangi inayong'aa, na bado likawa hatari kuliko jengo la mkoloni lenye baraza na dari ndefu. Upya wa jengo na usalama wa hewa yake ni mambo mawili tofauti. Tunapokata utepe wa darasa au kituo cha afya, tunasifu ukuta na kusahau tundu.

Dirisha halijafungwa kwa ujinga

Hapa ndipo mahubiri mengi ya afya yanapokosea. Mtaalamu anafika na semina yake, anawaambia watu wafungue madirisha, anaondoka. Wananchi wanapiga makofi, na jioni wanafunga kama kawaida. Si kwamba hawakusikia. Wana sababu.

Sababu ya kwanza ni wizi. Mfanyabiashara wa vitenge, samaki au maharage hana benki ya kuhifadhi mzigo wake. Chumba ndicho benki. Dirisha likiachwa wazi usiku, asubuhi mtaji hauko.

Sababu ya pili ni mbu. Mama anayejua malaria ilivyomtesa mwanawe ataziba kila upenyo ifikapo saa kumi na mbili jioni, na hakuna wa kumlaumu.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi, na katika Bwera haitajwi kwa sauti kubwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto wao wakiwa ndani. Wazee wa eneo hili walikumbuka Juni 1998, wanafunzi wapatao 80 walipouawa katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, wilayani Kabarole, kwa mkono wa kundi hilo hilo.

Mzazi wa Bwera akiambiwa leo kwamba bweni linahitaji hewa, anasikia kwamba bweni linahitaji kuachwa wazi. Hofu hiyo ni halali. Ulinzi wa mpaka ni kazi ya jeshi na polisi, na hakuna tofali lenye tundu litakalochukua nafasi yao.

Lakini usalama na hewa si maadui kama inavyodhaniwa. Bweni lenye mlango mmoja na madirisha yenye nondo zisizofunguka ni mtego, adui awe mshambuliaji, moto wa mshumaa au hitilafu ya umeme. Aprili 2008 moto uliua wanafunzi 19 katika bweni la shule ya msingi ya Budo, karibu na Kampala. Oktoba 2022 moto mwingine uliua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Milango miwili inayofunguka kwa nje, nondo zinazofunguliwa kutoka ndani, na matundu ya hewa yaliyo juu ambako mkono wa mtu haufiki: hayo yanasaidia mapafu na yanasaidia kukimbia.

Kadhalika kwa mbu. Wavu wa waya kwenye dirisha na kwenye matundu unazuia mbu na kuruhusu hewa, ingawa unapunguza upepo kidogo, kwa hiyo tundu lenye wavu linatakiwa kuwa kubwa zaidi. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika nyumba zilizowekwa wavu kwenye milango na madirisha, au kwenye dari, watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12, wakati katika nyumba zisizowekwa walikuwa asilimia 19. Wavu ulifanya kazi ambayo dirisha lililofungwa hufanya, bila kufunga pumzi.

Anayelala na mali yake

Wafanyabiashara wa mpakani wana hatari zao wenyewe ambazo semina za afya hazizigusi. Waganda huviita vyumba vya kupanga vya safu moja mizigo, na jina hilo linachekesha kwa Kiswahili kwa sababu ndani yake kweli mna mizigo. Mtu analala juu ya magunia, na chini ya kitanda kuna katoni.

Hatari ya kwanza ni jiko la mkaa. Mvua ikinyesha, sigiri huingizwa ndani ili chumba kipate joto na chai ya alfajiri ichemke. Mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi, na mtu hudhani hatari imekwisha. Ukweli ni kwamba wakati huo ndipo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hasikii kukabwa. Kichwa kinauma, mwili unalegea, na haamki. Jenereta ikiwashwa ndani ya stoo au kwenye korido hufanya vivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi.

Hatari ya pili ni vidonge vya kufukizia nafaka. Mahindi na maharage yakihifadhiwa, wengi huweka vidonge vyenye alumini fosfaidi ili kuua wadudu. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosifini, ambayo haichagui kati ya mdudu na binadamu. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Mgonjwa hutolewa nje haraka na kukimbizwa hospitali. Stoo iliyofukizwa haifai kulaliwa hata usiku mmoja, na chumba kinachopakana nayo kwa ukuta wenye nyufa nacho hakifai. Anayempangisha mtu chumba cha nyuma ya stoo bila kumwambia anafanya kosa kubwa.

Hatari ya tatu ni moshi wa kila siku. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Katika vilima vya Rwenzori, ambako usiku ni wa baridi na jiko liko ndani, wanaouvuta zaidi ni kina mama na watoto walio mgongoni. Wengi husema moshi hufukuza mbu na kuhifadhi paa. Huenda paa linahifadhika. Mapafu ya mtoto hayahifadhiki.

Hizi si habari za afya peke yake, ni habari za biashara. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Dawa katika hospitali za serikali ni bure, lakini nauli si bure, na siku za soko zilizopotea hazirudi. Uchunguzi uliofanyika Uganda mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za wagonjwa wa kifua kikuu ziliingia gharama zilizoyumbisha maisha yao. Mwanamke anayevuka na beseni la samaki akikohoa mbele ya wateja, wateja wanahama. Mtaji unaliwa kabla ugonjwa haujapona.

Wanaorejea na nyumba zao

Wapo pia wanaorejea. Wengine walikimbia vita na sasa wanafungua nyumba zilizofungwa muda mrefu. Wengine walihamishwa na maji. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe, na familia nyingi zikaishia kambini. Wengine wanarudi kutoka Uarabuni na akiba ya miaka ya kazi, na jambo la kwanza wanalofanya ni kujenga.

Kwa anayerudi katika nyumba iliyolala, shauri ni jepesi. Fungua milango na madirisha siku kadhaa kabla ya kuhamia. Usifagie vumbi kavu na kinyesi cha panya; nyunyizia maji kwanza, funika pua na mdomo, ndipo uondoe. Ukuta ulionyonya mafuriko usipakwe rangi upesi ili upendeze, kwani unyevu unabaki ndani na kuvu huota nyuma ya rangi. Kuvu na unyevu huamsha pumu na kukohoa, hasa kwa watoto. Ukuta ukauke kwanza, hata kama itachukua msimu mzima wa jua.

Kwa anayejenga nyumba mpya, tahadhari ni nyingine. Aliyefanya kazi Dubai au Muscat ameona nyumba zilizofungwa kabisa, zikipozwa na kiyoyozi. Anataka kama ile Kasese, na joto la mji wetu linampa sababu. Ajue hata hivyo kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinachukua hewa ileile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Watu kumi ndani ya chumba chenye kiyoyozi wanaendelea kuvuta pumzi za wenzao, ila sasa zimepoa.

Vivyo hivyo madirisha ya alumini ya kusukuma pembeni, ambayo yamekuwa fasheni. Dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu; nusu nyingine hubaki imezibwa na kioo chake chenyewe. Anayelipenda anapaswa kulifanya pana mara mbili, au achague lile la kufungua kwa nje. Na fundi akipendekeza kuondoa matundu ya juu ya ukuta kwa sababu "ni ya kizamani", mwenye nyumba akumbuke wodi za Lima.

Nani mwenye wajibu

Uganda haikosi sheria. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliweka kamati za majengo katika wilaya na manispaa, na Sheria ya Afya ya Jamii ina mizizi tangu mwaka 1935. Wapo wakaguzi wa afya na wapo wahandisi. Tatizo ni kwamba ukaguzi wetu umezoea kutafuta choo, shimo la taka na leseni. Ni vitu vya maana, lakini hewa haionekani, kwa hiyo haiandikwi kwenye fomu.

Kwanza, basi, tuanze na majengo ya umma, kwa kuwa huko mwananchi hana uchaguzi. Huwezi kuchagua ukumbi wa forodha wala darasa la serikali. Mradi wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, uliipa Mpondwe nafasi katika mipango ya vituo vya mpaka na masoko. Kila jengo la namna hiyo linapopokelewa, mwakilishi wa wafanyabiashara aulize swali moja kabla ya kukata utepe: hewa inaingilia wapi na inatokea wapi? Mkandarasi asiyeweza kuonyesha kwa kidole hajamaliza kazi.

Pili, wilaya inunue vifaa vya kupima vyumba kama ilivyonunua vya kupima watu. Kipo kifaa kidogo kinachopima hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Nje, hewa ya kawaida ina sehemu takriban 420 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Ndani ya chumba chenye watu, kifaa kikipanda kuvuka 1,000 na kuendelea, ni ishara kwamba watu wanavuta tena kile walichokwisha kukitoa. Mkaguzi mmoja mwenye kifaa kimoja anaweza kutembelea madarasa, zahanati na mabweni mengi kwa mwezi. Ikumbukwe tu kwamba kifaa hicho hakigundui gesi ya sumu ya mkaa. Hiyo ina kipimo chake.

Tatu, shule. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari 2022, muda ambao ni miongoni mwa mirefu kuliko yote duniani. Watoto walilipa gharama hiyo kwa sababu ya hewa ya darasani. Kila mzazi anaweza kwenda leo katika darasa la mwanawe na kuangalia kama dirisha hata moja limeongezwa tangu wakati ule. Kama halijaongezwa, ajue kwamba ugonjwa mwingine wa hewani ukija, dawa itakuwa ileile ya kufunga shule.

Nne, wenye nyumba. Mwenye safu ya vyumba hatatoboa ukuta kwa kuombwa na mpangaji mmoja, kwani atamwambia ahame. Wapangaji kumi wakienda pamoja mbele ya mwenyekiti wa LC1, mazungumzo hubadilika. Wanachoomba si kikubwa: safu ya matofali yenye matundu juu ya mlango na nyingine kwenye ukuta wa pili, yakiwa na wavu wa waya. Pale vyumba vinapopakana mgongo kwa mgongo na ukuta wa pili haupo, tundu la juu ya paa lililofunikwa mvua isiingie litasaidia hewa moto kutoka. Saruji ya Hima inatoka wilaya hii hii. Gharama ya matundu kwa safu nzima ya vyumba haiwezi kulinganishwa na kodi inayokusanywa humo kwa mwaka.

Tano ni mfanyabiashara mwenyewe, ambaye hana haja ya kusubiri yeyote. Ukiingia katika chumba cha kulala ugenini, hesabu matundu kabla ya kuuliza bei. Washa kijiti cha udi uangalie moshi wake: ukielekea upande mmoja na kutoka, hewa inatembea, ukining'inia katikati ya chumba, na wewe utaning'inia humo usiku kucha. Uliza nyuma ya ukuta kuna nini. Jiko libaki nje. Na mwenzako akikohoa wiki mbili mfululizo, msindikize hospitali badala ya kumhamishia kitanda cha pembeni. Akianza dawa Kasindi na biashara ikamleta Bwera, aje na kadi yake ya matibabu, kwani dawa ya kifua kikuu ikikatizwa ugonjwa hurudi ukiwa sugu.

Fedha za mlipuko huja na kuondoka. Mahema yalisimamishwa Ebola ilipokuja, na Ebola iliporudi nyuma mahema hayo hayakuwa na kazi tena. Tundu la ukutani likishajengwa linafanya kazi usiku na mchana, mlipuko uwepo usiwepo, na halidai mshahara wala mafuta ya gari. Bajeti ya wilaya ikisomwa mwaka ujao, wafanyabiashara wa Mpondwe na waliorejea katika nyumba zao Kasese wana haki ya kuuliza ni shilingi ngapi zimetengwa kwa kupima watu, na ni ngapi kwa kupima vyumba watakamolala watu hao.